Dashibodi inang'aa ila data imelala: rivyu yangu baada ya miezi 6

Nyota mbili na nusu kati ya tano, na hiyo nusu nimeiongeza kwa sababu ya kitufe kimoja tu ntakachokieleza huko chini.

Kwanza mjue mi si mtu wa IT. Mi natunza stoo, naagiza mzigo, na bosi akiuliza tuagize kiasi gani na lini mi ndo natakiwa nijibu. Ofisi ikanunua hii programu ya kusaidia maamuzi, zile zenye dashibodi (skrini moja inayokuonyesha namba zote kwa muhtasari), magrafu ya rangi, taa ya kijani njano nyekundu, na chini yake kimstari kinakwambia "Pendekezo: usiagize bado". Siku ya demo watu walipiga makofi kabisa. Jamaa aliyekuja kuonyesha alikuja na data yake mwenyewe, imenyooshwa kama imepigwa pasi, na hapo ndo tulipoingia mkenge maana hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia hebu weka za kwetu tuone.

Nisiwe mnyimi wa sifa. Inafunguka haraka, haigandi, kwenye simu inaonekana vizuri, na hesabu zake nimezihakiki kwa kalikuleta zaidi ya mara moja, ziko sawa. Kujumlisha inajua. Shida ni kwamba haijali inajumlisha nini.

Ngoja niwape kisa cha glavu. Jumatatu asubuhi nafungua, glavu kijani, akiba ya siku 41, juu kulia imeandikwa "imesasishwa dakika 2 zilizopita". Nikaridhika nikaendelea na mambo yangu. Saa nne jamaa wa stoo ya chini ananipigia, rafu tupu, kabaki na boksi moja na lingine limeshafunguliwa. Na mi nikambishia! Yeye kasimama mbele ya rafu, mi nimekaa mbele ya skrini, halafu mi ndo namwambia angalia vizuri. Aibu hiyo sijaisahau mpaka leo. Kufuatilia tukakuta lile faili la mzigo unaotoka limekwama tangu Alhamisi usiku, paswedi ya akaunti inayovuta data ilikuwa imeisha muda wake, na programu wala haikulalamika, ikachukua namba za mwisho ilizokuwa nazo ikaendelea kuzionyesha na taa yake ya kijani. Na ile "dakika 2" kumbe ni muda skrini ilipojichora upya, sio muda data ilipoingia. Data ilikuwa na siku nne.

Hilo ndo lalamiko langu kubwa, mengine ni watoto wake.

Mfano nafasi tupu. Tuna matawi matano, kila wiki yanatuma matumizi. Wiki moja matatu yakatuma 40, 38 na 42, mawili hayakutuma kitu, mtandao ulisumbua. Mtu mwenye akili timamu anasema wastani ni 40, mawili bado sijui. Programu ikahesabu yale mawili kuwa yametumia sifuri, ikagawanya kwa tano, ikapata 24, ikatupendekezea tupunguze oda. Sijui na sifuri ni vitu viwili tofauti jamani! Mtu asipopokea simu husemi kafa.

Halafu tarehe. Faili zetu zinaanza na siku, yenyewe inaanza na mwezi. Kwahiyo tarehe 3 Aprili inaisoma Machi 4 bila wasiwasi wowote, ila ikifika tarehe 13 inakuta hakuna mwezi wa 13, inautupa ule mstari wote, na mwisho inakuandikia "Upakiaji umefaulu". Umefaulu vipi na mistari zaidi ya nusu imebaki nje? Wala sio kwamba ni uzembe wetu wa stoo tu, haya mambo yanawapata wakubwa pia. Uingereza 2020, kwenye korona, taasisi yao ya afya ya umma ilikuwa inapitisha majibu ya vipimo kwenye faili la Excel la mtindo wa zamani ambalo mwisho wake ni mistari 65,536, yakizidi hapo hayaingii, basi wagonjwa 15,841 wakakosekana kwenye takwimu za siku zile na waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Majibu yenyewe yalikuwa sahihi kabisa, yalikuwa tu hayapo, na kitu kisichokuwepo hakionekani kwenye grafu.

Vipimo vya mzigo navyo. Katoni yetu moja ina maboksi 10. Tawi moja linaandika katoni, lingine maboksi, programu inapokea "12" na "12" inajumlisha 24, ishirini na nne za nini hapo haiulizi. Mwaka 1999 NASA, shirika la anga la Marekani, walipoteza chombo chao cha Mars Climate Orbiter kilichotumwa sayari ya Mars, kwa ugonjwa huuhuu, programu moja ilitoa namba za nguvu kwa vipimo vya kizamani vya pauni, nyingine ikazipokea ikidhani ni nyutoni, kipimo cha nguvu cha metriki, tofauti yake ni kama mara nne na nusu, chombo kikapita chini mno kwenye hewa ya Mars kikapotea. Mi nimepoteza maboksi tu, nashukuru.

Nikawaandikia sapoti. Jibu lao: mfumo unategemea data mnayoingiza, ukiingiza takataka utatoa takataka. Sawa, nakubali, wala sikatai kwamba matawi yetu yanatuma vurugu. Ila mlango ni wenu. Mlango unaopitisha kila kitu halafu kikifika ndani kinavishwa suti na taa ya kijani, huo ndo unaonidanganya, maana ile karatasi chafu ya zamani nilikuwa naiona ni chafu kwa hiyo nilikuwa naitilia shaka. Jedwali limechorwa kwa kalamu, limefutwafutwa, unajua kabisa hapa mtu alikuwa na haraka. Dashibodi haionyeshi haraka ya mtu.

Dada mmoja wa IT pale kazini akanambia hili suala lina utafiti wake kabisa, kwamba 1996 wataalamu wawili, Richard Wang na Diane Strong, walitoa kazi yao baada ya kuwauliza watumiaji wenyewe data nzuri kwao ni ipi, na usahihi ukawa ni sifa moja tu kati ya 15, zingine ni kama iwe ya wakati, imekamilika, inahusika na kazi yako, inaeleweka, inaaminika. Nikacheka, maana mi nilihitaji miezi sita na rafu tupu kuligundua hilo.

Sasa kile kitufe. Kwenye setingi, ndani kabisa, kuna sehemu imeandikwa "onyesha chanzo", imezimwa tangu mwanzo. Ukiiwasha, kila namba ukiigusa inakwambia imetoka faili gani, mstari wa ngapi, liliingia lini, nani alibadilisha. Nimeiona mwezi wa nne, tena kwa bahati mbaya, nilikuwa natafuta pa kubadilishia rangi. Tangu hapo nalala. Yaani wana dawa dukani halafu wameificha chini ya kaunta.

Ukitaka kununua kitu cha aina hii, demo ifanyike na data yako tena ile mbovu kuliko zote, acha nafasi tupu makusudi, rudia mstari mmoja mara mbili, chomoa waya unaoleta data kisha ukae uangalie kama itapiga kelele au itaendelea kutabasamu. Ikitabasamu, ondoka.

Nimeshawaandikia tena, naomba kitu kimoja tu, pale juu kulia waandike muda data ilipoingia. Hiyo ni wiki ya tano sasa. Nimeingia kuangalia tiketi yangu, yaani lile ombi langu kwao, muda huu, imeandikwa "inashughulikiwa", imesasishwa dakika 2 zilizopita.