Upasuaji wa moyo nawapa mia, dirisha la bima sifuri

Madaktari sina neno nao. Naanzia hapo makusudi, maana nikishaingia kwenye habari ya lile dirisha la bima sitarudi.

Mama alikuwa na miksoma, uvimbe unaoota ndani ya moyo. Si saratani. Wake ulikuwa chumba cha juu kushoto, ndiko unakopenda kuota, umening'inia kwa kikonyo kama embe bichi. Akilala, pumzi inakata, akiketi, afadhali. Muda mrefu tulitibiwa presha, mara pumu. Kipimo cha eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ndicho kilichoumbua: dude linachungulia kwenye vali kila moyo ukipiga. Daktari akasema hakuna dawa ya kuliyeyusha, ni kulitoa, na mapema, kwani kipande kikimeguka kikapanda kichwani ni kiharusi.

Haya, nenda dirishani na maelezo hayo. Kibali kimekwama. Yule dada, simu mkononi, wala hanitazami: "Si mmeandikiwa siyo saratani? Sasa haraka ya nini?" Nikamweleza kuwa linaziba njia ya damu. Akaniambia nisimfundishe kazi, nikakae kwenye benchi. Na Mama yupo palepale, miguu imemvimba, anasikia kila kitu! Mtu mzima yule, hata shikamoo hakupewa. Siku ile ningeulizwa, ningesema msikanyage pale, heri muuze shamba mwende India.

Kibali kilipotoka (baada ya mjomba kupiga simu kwa mtu anayemjua, tusidanganyane), mambo yakawa mengine kabisa. Walimfungua kifua, mashine ikashika kazi ya moyo na mapafu, wakalitoa pamoja na kikonyo na kipande cha ukuta kilipojishikiza, lisije likaota tena. Tundu wakaliziba kwa kiraka cha utando wa moyo wake mwenyewe. Daktari bingwa alitufuata kwenye korido, akaketi nasi, akatuchorea kila kitu nyuma ya karatasi ya vipimo. Shangazi akamuuliza swali lilelile mara tatu, akajibu mara tatu.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilikuja hapa kutoa moja. Mama sasa analala chali, anakoroma! Basi nne. Hapana, tatu, maana wasiokuwa na mjomba je?

Eko ya marudio tutafanyia hapohapo. Dirishani ataenda mdogo wangu, yeye ana subira.