Bultaco Sherpa T ya vipande vya kuchanganya: inunuliwe au iachwe?

Sherpa T ni pikipiki ya mchezo wa traiali iliyotengenezwa na Bultaco ya Hispania, na nyingi zinazouzwa leo si pikipiki moja. Fremu ni ya mwaka huu, injini ya mwaka ule, shokapu za mbele zimetolewa kwenye Pursang (ndugu yake wa motokrosi), na tangi limefungwa kwa sababu ndilo lililopatikana. Ndivyo mchezo wenyewe ulivyo. Traiali ni kupanda mawe, mizizi na makorongo kwa mwendo wa kinyonga bila kuweka mguu chini, na vitu huvunjika. Aliyepasua krankesi, yaani ganda la chini la injini, katikati ya msimu hakutafuta yenye namba inayolingana. Alifunga iliyokuwa karibu akarudi mashindanoni.

Msimamo wangu ni kwamba pikipiki ya namna hii inafaa, na inafaa zaidi ya wengi wanavyodhani, mradi injini iwe ya Sherpa kweli kuanzia krenki hadi giaboksi. Tangi, madigadi na rangi vinaweza kusubiri miaka.

Kinachoipa Bultaco alama za juu kuliko pikipiki nyingine za rika lake ni spea. Kampuni ilianzishwa mwaka 1958 karibu na Barcelona na Francesc Xavier Bultó alipoachana na kampuni nyingine ya pikipiki, Montesa, na ilikoma mapema miaka ya 1980. Hata hivyo pistoni, sili, beringi, sahani za klachi, kebo na hata matangi bado vinatengenezwa na wataalamu. Sababu ni jina la Sherpa. Modeli ya kwanza, M10, ilitoka mwishoni mwa 1964 baada ya kunolewa na bingwa wa traiali Sammy Miller, na mwaka 1965 Miller akashinda nayo Scottish Six Days Trial, traiali ya siku sita ya Uskoti. Kuanzia 1975 hadi 1979 ubingwa wa dunia wa traiali haukutoka Bultaco: Martin Lampkin, kisha Yrjö Vesterinen mara tatu, kisha Bernie Schreiber. Pikipiki ziliuzwa kwa wingi, na vipande vyake vimesambaa kila mahali.

Utambuzi uanze na namba. Kwenye shingo ya fremu utakuta herufi B, kwenye krankesi herufi M, kisha tarakimu za modeli, kisha namba ya mfululizo. B-49 ni fremu ya M49, na M-49 yenye mfululizo uleule ndiyo injini iliyotoka nayo kiwandani, kwa kuwa vyote viwili viligongwa namba moja. Kwenye pikipiki za baadaye herufi nyingine huweza kutangulia, isikuchanganye. Safisha mahali hapo kwa petroli na brashi laini, wala usiguse msasa. Tarakimu zilizopinda, zenye vina tofauti, au zilizokaa juu ya chuma kilichosuguliwa na tupa, zimegongwa na mtu nje ya kiwanda. Krankesi isiyo na namba si lazima iwe ya wizi, mara nyingi ni ya spea. Fremu iliyofutwa namba, iache hapohapo ilipo hata ikitolewa bure, maana huenda hakuna ofisi itakayokuandikishia.

M10, M27, M49 na M80 ni za daraja la 250. Zile zinazoitwa 325 zilianza na M85 na M92. Hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika, kwa sababu namba inaeleza krankesi tu. Haisemi bloku (silinda) iliyo juu yake ni ya nani. Fungua kichwa, upime. Sherpa 250 ina bloku yenye kipenyo cha milimita 72 na mwendo wa pistoni wa milimita 60, yaani sentimita za ujazo 244. Ya 325 ina milimita 83.2 kwa mwendo uleule, ikifika 326. Ongeza kidogo kama bloku imewahi kuchongwa. Ila milimita 72 peke yake si ushahidi, kwa sababu Pursang ya motokrosi ya daraja hilo ina kipimo hichohicho.

Kinachoitofautisha Sherpa kipo ndani zaidi, na kuna vipimo vitatu visivyohitaji kupasua injini. Cha kwanza ni giaboksi: toa plagi, weka gia ya kwanza, zungusha sproketi ya mbele mzunguko mmoja kamili, uhesabu flaiwili, gurudumu zito la krenki, imezunguka mara ngapi. Rudia kwa gia zote. Sherpa ya gia tano ina gia tatu za chini zilizokaribiana, kisha ya nne na ya tano huruka mbali kwa ajili ya barabarani. Pursang ina gia zilizobanana zote na ya kwanza ndefu. Ukiingia nayo kwenye mawe utaunguza klachi kabla ya kufika mlimani. Cha pili ni uzito wa flaiwili. Ya traiali ni nzito makusudi, ndiyo inayoifanya injini iendelee kuzunguka taratibu bila kuzima. Cha tatu ni dirisha la ekzosi: pima kutoka ukingo wa juu wa bloku hadi ukingo wa juu wa dirisha, ulinganishe na bloku unayojua ni ya Sherpa. Likiwa juu zaidi, bloku ni ya mbio au kuna mtu alilipanua kwa tupa. Pikipiki ya hivyo haivuti chini. Huamka ghafla katikati, na kwenye mteremko wa matope hilo ndilo linaloangusha.

Bloku ya modeli moja ikikutana na kichwa cha nyingine, nafasi iliyo juu ya pistoni hupotea au huzidi. Chukua waya laini wa kuchomelea, unene wa milimita 2, uupitishe kwenye tundu la plagi hadi ukingo wa silinda, usawa wa pini ya pistoni, uzungushe injini kwa mkono mara moja, kisha upime palipobanwa. Kati ya milimita 1 na 1.5 ni salama. Chini ya 0.8 pistoni inaweza kugonga kichwa injini ikishika moto. Zaidi ya 2, nguvu ya chini inapotea, na hapo gasketi ya chini ya bloku ndiyo ya kuangaliwa kwanza, kwani watu huzipanga mbili mbili ili kuficha tofauti.

Sasa sili za krenki, ambazo ndizo chanzo cha nusu ya lawama zinazotupiwa kabureta. Ya kushoto inatenganisha krenki na sehemu ya klachi. Ikichoka, injini hunyonya oili ya klachi na kutoa moshi mweupe usioisha. Ya kulia, nyuma ya magneto, ikichoka huingiza hewa: mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inapanda mizunguko yenyewe ukiachia mkono, na pistoni inakwama. Kwa kuwa klachi na giaboksi zina oili tofauti, kipimo ni rahisi. Mwaga kila upande kwenye chombo chenye alama. Upande wa klachi hubeba takriban mililita 300, giaboksi takriban 600. Kushoto kukitoka 150 tu na nje hakuna mvujo, oili imepitia krenki. Uthibitisho ni kuziba ekzosi na njia ya kabureta, kujaza hewa ya bar 0.4, na kuangalia kama geji inashuka ndani ya dakika chache. Maji ya sabuni yatakuonyesha inakotoka.

Oili ya klachi iwe nyepesi. Sahani zake ni za chuma, na oili nzito huzigandamanisha, ndipo pikipiki inaruka mbele ukiweka gia asubuhi.

Kwenye mfumo wa moto wa plagi kuna familia mbili. Moja ni Femsa ya pointi, ambayo pengo lake ni milimita 0.4 na fundi yeyote mwenye subira anaitengeneza. Nyingine ni Motoplat isiyo na pointi. Koili zake zimefungwa ndani ya utomvu mgumu, zikichoka huzima injini ikiwa ya moto na kuwaka tena ikipoa, na si za kufunguliwa. Usichanganye flaiwili ya moja na sahani ya koili ya nyingine hata kama zinaingia. Weka muda wa moto kwa kipimo cha modeli ya injini uliyoithibitisha, bila kufuata cheti cha fremu.

Kabureta ya Amal iliyoliwa na slaidi haitengenezeki kwa jeti, badilisha. Flanji iliyopinda kwa kukazwa mno irudishwe kwenye kioo na msasa. Enzi hizo oili ilichanganywa 1 kwa 20. Ukitumia oili ya kisasa kwa 1 kwa 40, kumbuka petroli imeongezeka ndani ya mchanganyiko uleule, kwa hiyo jeti kuu inaweza kuhitaji kupunguzwa.

Upande wa fremu, angalia nyufa chini ya shingo, kwenye mhimili wa mkono wa nyuma, na palipochomelewa vikanyagio. Vikanyagio vimeshahamishwa karibu kwenye kila Sherpa, na mara nyingi kimoja kimekaa nyuma kuliko kingine. Pima kila kimoja hadi ekseli ya nyuma. Shokapu za mbele ndizo kosa linalopuuzwa zaidi. Za Pursang ni ndefu, na kwa pikipiki yenye umbali wa karibu milimita 1,300 kati ya ekseli, kuinua mbele kwa milimita 20 hulaza shingo kwa karibu digrii 0.9. Barabarani hutasikia kitu. Kwenye kona ya mduara mdogo usukani unaangukia ndani. Pandisha mirija kwenye vishikio vyake kama nafasi ipo. Ikikosekana, tafuta za Sherpa.

Tangi la faibaglasi linahitaji uamuzi mapema. Petroli yenye ethanoli hulainisha utomvu wake, ute unashuka kwenye jeti, na rangi mpya inatoka mapovu. Ama lipakwe ndani dawa inayostahimili ethanoli kabla ya kupaka rangi, ama liwekwe la alumini.

Nyuzi za bolti kwenye krankesi nyingi zimeng'oka kwa sababu mtu alilazimisha bolti za kiingereza kwenye matundu ya kimetriki. Weka nyuzi za chuma za kupachika, M6 na M8, kabla ya kufunga chochote. Magurudumu ni 2.75-21 mbele na 4.00-18 nyuma, spoki 36 kila moja. Rimu yenye ufa kwenye tundu la spoki haichomelewi.

Kama injini imethibitika ni Sherpa na fremu ina namba safi, chukua hata kama rangi inachubuka. Kama ni fremu ya Sherpa iliyobeba injini ya Pursang, mpe muuzaji bei ya fremu pekee, maana giaboksi, flaiwili na bloku utavinunua upya.