Chapa ya kiko iliyofutika: tathmini ya fimbo ya kale ya Tom Stewart

Fimbo ya gofu ninayoitathmini hapa ni mashi, yaani chuma cha masafa ya kati ambacho mchezaji wa leo angekiita nambari 5, yenye kichwa kilichofuliwa kwa mkono katika karakana ya Tom Stewart mjini St Andrews, Uskoti, na mpini wa hikori, mti mgumu unaotoka Marekani. Niliinunua kwa pauni 65 kutoka kwa muuzaji mmoja wa Uingereza ambaye huuza vitu vya kale vya gofu kwa njia ya intaneti, nikaongeza pauni 38 za usafirishaji, na baada ya wiki tatu ikanifikia hapa Mombasa ikiwa ndani ya bomba la karatasi ngumu lililozibwa vizuri pande zote mbili. Kuhusu ufungaji sina neno.

Stewart alikuwa mhunzi, na vichwa vyake vilitambulika kwa chapa ndogo ya kiko kilichogongwa nyuma ya chuma. Bobby Jones, mchezaji gofu wa Marekani aliyeshinda mashindano yote manne makubwa ya mwaka 1930 akitumia mipini ya hikori wakati mipini ya chuma ilikuwa imekwisha kuruhusiwa, alikuwa mmoja wa waliopenda vyuma vya Stewart. Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba chapa ya kiko peke yake inaifanya fimbo kuwa adimu. Karakana ilitoa vichwa kwa wingi mno, vikanunuliwa na wachezaji wa kulipwa waliokuwa na vibanda vyao vya kazi katika viwanja mbalimbali, na huko ndiko vilikotiwa mipini, vikafungwa uzi uliopakwa lami shingoni, kisha mara nyingi vikagongwa jina la fundi wa kiwanja na la mji wake. Kwa sababu hiyo, fimbo mbili za Stewart zinazofanana kama pacha zinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa, na kinachozitofautisha ni ile chapa ya pili, ambayo wanunuzi wengi hawaitazami.

Nilipoifungua yangu, kichwa kiling'aa kama kijiko kipya cha harusini. Katika picha za tangazo nilikuwa nimeuona mng'ao huo nikadhani ni taa ya mpiga picha. Nilipokipeleka dirishani nikakigeuza polepole kwenye mwanga wa asubuhi, niliona mikwaruzo myembamba, yote ikielekea upande mmoja, ambayo mkono hauwezi kuifanya. Ni kazi ya mashine ya kusugulia. Kile kiko kimebakiwa na mkia wake na nusu ya bakuli. Chini yake palikuwa na mstari wa maandishi, nao sasa ni herufi tatu tu zinazosomeka, S, na H, na mwishoni N, pamoja na mabaki ya herufi ambayo yaweza kuwa E au F. Nimejaribu kupaka unga wa chaki na kuupangusa, nimejaribu kupiga picha kwa mwanga wa ubavuni, nimejaribu hata kuweka karatasi nyembamba juu na kuisugua kwa penseli laini, na bado jina la yule fundi halikurudi.

Nilimwandikia muuzaji kwa adabu. Alijibu siku hiyo hiyo, jambo ambalo namsifia, akasema kwamba wateja wake wengi hununua fimbo hizi ili wazitundike ukutani na hawapendi kutu, na akanirejeshea pauni 15 bila ya kubishana. Ninaamini alisema kweli. Lakini kutu ile ya kahawia iliyokaa miaka 90, ikashika na kukauka kama ngozi, ilikuwa imeacha kila chapa mahali pake. Yeye ndiye aliyeiondoa historia kwa nia njema, na pauni 15 ni bei ya aibu, si bei ya jina.

Wapo watakaosema nakuza jambo dogo. Nawakumbusha mpira wa gutapecha, ule wa utomvu wa mti wa nchi za Kimalai, ulioanza kuuondoa mpira wa ngozi uliojazwa manyoya katikati ya karne ya 19. Mipira ya kwanza ya gutapecha ilikuwa laini kama yai, na wachezaji wakaona kwamba mpira mpya huyumba hewani ilhali ule uliokwisha kupigwa na kukwaruzwa huenda sawasawa. Ndipo mafundi wakaanza kuigonga kwa nyundo kabla ya kuiuza. Fundi Allan Robertson, ambaye riziki yake ilikuwa mipira ya manyoya, alikosana na msaidizi wake Tom Morris kwa ajili ya kitu hicho kipya. Ukipata leo mpira wa aina hiyo na ukausugua mpaka uwe safi, umefuta jambo lenyewe uliloununulia.

Soko kubwa linalijua hili, ingawa linalijua kwa njia yake. Mwaka 2013 koti la kijani la Horton Smith, bingwa wa kwanza wa Masters, shindano kubwa la gofu la Marekani ambalo mshindi wake huvikwa koti hilo, liliuzwa kwa dola 682,229 baada ya kukaa miaka mingi kabatini kwa jamaa zake. Vyuma vilivyonadiwa kwa madai kwamba ndivyo mchezaji Tiger Woods alivyotumia aliposhinda mashindano manne makubwa mfululizo mwaka 2000 na 2001 viliuzwa mwaka 2010 kwa dola zaidi ya 57,000, kukiwa na ubishi kama ni vyenyewe kweli, na mwaka 2022 vikauzwa kwa dola milioni 5 na ushei. Bei za mnada zilikuwa zimepanda pia, hilo sikatai. Lakini katika hali zote mbili anayelipa halipii nguo wala chuma. Analipia uhakika wa nani alikigusa. Sisi wa pauni 65 tunalipia kitu hicho hicho kwa kipimo chetu, na ndiyo maana natoa alama za chini kwa kichwa hiki.

Mpini ni habari nyingine, na hapa muuzaji hana lawama. Umenyooka; ukifumba jicho moja na kuuchungulia kutoka mshikoni unaona mpindo mdogo sana karibu na shingo, usiodhuru. Ngozi ya mshiko ni ya zamani, imekauka na kuvunjika kwenye mzunguko wa tatu, na chini yake unachungulia utepe wa kitambaa ambao fundi aliuzungusha ili kuunenepesha, kitu ambacho wauzaji wengi wangekitupa na kufunga ngozi mpya. Nilithubutu kupiga nayo mipira sita laini, asubuhi moja, katika kiwanja chetu cha mashimo tisa juu ya jabali la bahari, kiwanja ambacho klabu yake ilianzishwa mwaka 1911, wakati fimbo kama hizi zilipokuwa ndizo fimbo. Hikori hujisokota kidogo unapoinua, kwa hiyo aliyezoea mpini wa chuma hupiga mapema mno na mpira ukaenda pembeni. Wangu wa kwanza uliishia vichakani. Wa nne ulitoka kwa sauti kavu, ya chini, kama mlango wa mvule unaofungwa taratibu, na kwa mpira huo mmoja nimeisamehe fimbo, ingawa si aliyeisugua.

Kwa mnunuzi wa pwani kuna jambo ambalo maelekezo ya Ulaya hayamsaidii. Wao huogopa mpini kukauka katika nyumba zenye joto la umeme, sisi tunaogopa upepo wa chumvi, kuvu kwenye ngozi na dumuzi kwenye mti. Kichwa kilichosuguliwa hakina ngao tena: siku ya tisa yangu ilikuwa na vidoa vya kutu mpya, ya rangi ya chungwa, inayokula, si ile ya kahawia inayotulia. Nimekipaka nta nyembamba. Mpini nimeupangusa kwa mafuta ya kitani, matone machache kwenye kitambaa, kisha nikaufuta mpaka mkono haunati. Fimbo nzima imelala bapa, imefungwa kwa kipande cha leso kuukuu kilichofuliwa mara nyingi hata rangi haitoki, ndani ya sanduku lenye vifuko vya kunyonya unyevu ambavyo navibadilisha kila mwezi. Usiifunge kwa nailoni, itatoka jasho. Usiiegemeze ukutani kwa miaka, itapinda. Na andika kikaratasi cha lini uliinunua na wapi, ukiweke humo humo, kwa penseli, kwa kuwa wino huhama.

Je, ningenunua tena? Fimbo ya Stewart, ndiyo, na kwa bei hiyo hiyo. Kwa muuzaji yuleyule ningenunua tu baada ya kuomba picha ya nyuma ya kichwa iliyopigwa nje, kivulini, na jibu la maandishi kama kimepitishwa kwenye mashine. Fimbo chafu anazo, nimezibaini chini kabisa ya orodha yake, na ni za bei nafuu zaidi.

Nyingine niliyoiona mwaka huu haiuzwi. Iko kwa mzee mmoja wa Likoni ambaye baba yake alikuwa kedi, mbeba mikoba ya wachezaji, kabla ya vita vya pili. Ni nibliki, yaani chuma chenye uso uliolala sana cha kuinua mpira juu, kichwa chake cheusi kwa kutu, mpini umefungwa waya mahali ulipopasuka, na kwa miaka mingi imetumika kuangulia maembe. Nyuma ya kutu ile chapa zote zinasomeka: mtengenezaji, fundi, mji. Juu ya ngozi ya mshiko, kwa ncha ya msumari, baba yake amechora herufi mbili za jina lake mwenyewe. Nilimwambia, "Mzee, tafadhali usiisafishe." Akacheka, akasema, "Mwanangu, nani ana wakati wa kusafisha fimbo ya maembe?" Aliniruhusu kuipiga picha na kurekodi sauti yake kwa dakika 40, kisha akairudisha nyuma ya mlango wa jikoni.