Gundi ya buluu kwenye kitone cha kulengea cha bunduki ya marisau: uzoefu wangu

Nalima muhogo na viazi vitamu huku Makunduchi, ardhi ya mawe, na nguruwe mwitu wakishaingia kondeni usiku mmoja, asubuhi unakuta matuta yamefumuliwa yote. Ndiyo maana mimi ni msasi pia. Bunduki yangu ni ya marisau, namba 12, kasiba moja, na kibali chake ninacho. Juu ya mdomo wa kasiba pana kile kitone cha shaba cha kulengea, kama punje ya mtama. Mwaka jana kikaanza kucheza; ukikigusa kwa ukucha kinazunguka.

Watu husema ni pambo tu. Si pambo. Jua likishazama, kitone kile ndicho kinachonionesha mdomo wa bunduki umeelekea wapi, na mbele yangu kuna mbwa na wenzangu wametanda kichakani.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alikitoa, akatia parafujo nyingine yenye kichwa cha shaba. Ilikaza kweli, nikashukuru. Usiku nikafungua bunduki niisafishe, nikachungulia kasiba kwa tochi kutokea nyuma. Ncha ya parafujo imetokeza ndani kama mwiba! Mwili ulinisisimka. Marisau hupita pale kwa kasi kubwa. Kinachotokeza ndani hugongwa, na kasiba huweza kuharibika, mtu akaumia. Namshukuru Mungu sikuwa nimepiga hata risasi moja. Basi ndugu zangu, ukibadilishiwa kitone, usitoke kwa fundi kabla hujatazama ndani ya kasiba kwa macho yako. Ukuta wa kasiba pale mdomoni ni mwembamba, na parafujo haifai kuvuka unene wake hata kwa unywele.

Safari ya pili nilikwenda kwa fundi wa silaha mwenye kibali, na kitone changu cha zamani mfukoni. Akaniambia hesi zake, yaani ile mikato ya mzunguko kama ya parafujo, bado nzima, kilichokilegeza ni mishtuko ya bunduki na mafuta yaliyopenya. Akanituma ninunue Loctite 243, gundi ya kuzuia parafujo zisilegee, ile ya buluu, akaniacha nikae nimtazame.

Kwanza alihakikisha bunduki haina kitu, risasi zimewekwa mbali. Akasugua hesi za kitone na tundu lake kwa mswaki mkuukuu na spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Gundi hii huvumilia mafuta kidogo, lakini huku kwetu chumvi ya bahari inatulazimisha kupaka bunduki mafuta kila mara, kwa hiyo usafi huu usiuruke. Kisha tone moja tu, tena dogo, kwenye hesi. Akakaza kwa koleo lililofungwa kipande cha ngozi, maana shaba ni laini na meno ya koleo huila. Akapitisha kitambaa ndani ya kasiba kufuta kilichovuja, akatazama kwa tochi, akanipa nami nitazame. Ukuta laini, hakuna mwiba.

Gundi hii haikauki kwa unyevu wa hewani kama supagluu. Yenyewe hukaza pale inapobanwa baina ya chuma na chuma, hewa ikiwa haimo, na shaba huiharakisha. Ndiyo maana chupa huja haikujaa: hewa iliyobaki mle ndiyo inayoizuia isigande. Mimi nilitaka kuirudisha dukani nikidhani nimepunjwa. Ingawa shaba huiharakisha, fundi aliniambia niiache saa 24 kabla ya kupiga, nikaiacha.

Tangu hapo kitone kimepita masika nzima na misako mingi, na ukucha wangu haukitikisi. Nimeridhika kabisa.

Lawama yangu ni bei: ni ghali mno ukilinganisha na supagluu, na kazi yangu ilitumia tone moja. Lakini supagluu niliwahi kuijaribu mwanzoni, ikaachia baada ya risasi chache tu. Muhimu zaidi, msichukue chupa ya gundi nyekundu mkidhani ni bora kwa kuwa ina nguvu. Ile huachia kwa moto mkali, nyuzi joto 250 hivi, na hakuna fundi mwenye akili atakayeichoma kasiba yako hivyo kwa ajili ya kitone. Ya buluu hufunguka kwa koleo lile lile la ngozi.