Kutwa nzima bandarini na darubini ya 8x42

Nilikuwa nimeshaamua kununua darubini ya 10x42, yaani inayokuza mara kumi, na lenzi za mbele zenye upana wa milimita 42. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: inayokuza zaidi ndiyo inayoonyesha zaidi. Rafiki yangu aliyenitangulia katika mambo haya ya kutazama ndege akaniuliza tu, "Utakuwa unasimama wapi?" Nikamwambia gatini. Akacheka, akasema pale pana upepo. Basi nikachukua ya 8x42, na juzi nimeshinda nayo bandarini tangu alfajiri.

Alisema kweli. Darubini ikikuza ndege, hukuza na mtikisiko wa mikono yako. Upepo ulinisukuma asubuhi nzima, lakini kwa mara nane picha ilitulia vya kutosha. Mwanga nao sina la kulalamika: jua lilikuwa halijachomoza na tayari nilikuwa namtofautisha yangeyange na mfuko mweupe wa plastiki. (Mara ya kwanza nilikosea, nakiri.)

Maji yalikuwa yanajaa. Tope lilivyozidi kufunikwa, vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, wakazidi kusogea hadi chini ya ukuta wa mawe, na nyuma yao sululu watatu, midomo imepinda kama kile chombo cha kuchimbia wanachochangia jina. Ukitaka kuwaona karibu, fuata ratiba ya maji, usifuate saa yako.

Lakini kilichonilipa gharama zote ni buabua, ndege wa baharini anayevua samaki kwa kupiga mbizi. Kinda alikuwa juu ya boya, mdomo wazi, analia bila kupumzika. Mzazi akaelea hewani, akajitupa majini kama jiwe, akaibuka na kasamaki kamekaa mshazari mdomoni, mkia bado unachezacheza. Darubini hii inaonyesha eneo pana, kwa hiyo nilimfuata kutoka juu hadi maji yaliporuka bila kumpoteza.

Shakwe wachanga walinishinda. Wote kahawia, wote madoadoa, na wale wa aina kubwa huchukua hata miaka minne kupata rangi za utu uzima. Hapo darubini haina kosa, kosa ni langu.

Kufika adhuhuri, joto likaanza kupanda kutoka kwenye zege na tope. Mazigazi matupu: ndege wa mbali wakawa kama wanachemka. Usihangaike kugeuza fokasi, hakuna lenzi inayotibu hilo. Nilihamia kivulini nikatazama mnandi wa karibu, mbawa wametanua zikauke.

Sasa malalamiko. Mkanda ni mwembamba, na kabla ya saa nne asubuhi shingo ilikuwa inawaka. Kile kigurudumu cha kurekebisha jicho la kulia ni kilegevu. Kila nikiitoa darubini mkobani kimesogea. Nilipoteza dakika kumi nikidhani macho yangu ndiyo yamechoka, mwishowe nikakibana kwa utepe wa gundi. Kifuniko kimoja cha lenzi kilichomoka chenyewe kikaangukia majini.

Jioni lenzi zilikuwa na ukungu wa chumvi. Msizifute zikiwa kavu, chumvi itakwaruza. Kwa kuwa yangu haiingii maji, niliimwagia maji yasiyo na chumvi kidogo kidogo, ndipo nikafuta kwa kitambaa laini.

Naipa nyota nne. Mkanda nimeshabadilisha, kigurudumu bado kiko na utepe wake.