Hedseti na miksa kwa asiyeona: kipi kianze, kipi kisubiri

Ingia duka lolote la vifaa vya kompyuta Mwanza mjini na fimbo nyeupe mkononi, ulizia hedseti, uone utakacholetewa. "Chukua hii, braza, ina taa za rangi saba." Nimeambiwa hivyo zaidi ya mara moja. Taa nawasamehe. Tatizo ni besi.

Natunza mahesabu ya mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla pale soko la Mwaloni, Kirumba. Kutwa NVDA, programu inayosoma kwa sauti kilichoko kwenye skrini, inanisomea Excel kwa kasi ambayo wapagazi wanadhani ni redio imeharibika, huku simu inaita na mteja amesimama mbele yangu anauliza bei ya gunia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya hedseti, najiuliza: nikiivaa, sikio lipi linabaki wazi?

Ndiyo maana namba moja kwangu ni hedseti ya waya wa USB yenye spika ya sikio moja, kama zile za wahudumu wa huduma kwa wateja. Ya USB ina kadi yake ya sauti, hivyo kompyuta inaihesabu kama kifaa cha pili. Unaingia mipangilio ya NVDA, sehemu ya sauti, unaielekeza NVDA kwenye hedseti. Simu za Zoom na miziki vinabaki kwenye spika za laptopu. NVDA yenyewe ni bure tangu Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alipoianzisha mwaka 2006, kwa hiyo fedha ambayo ungenunulia programu iweke kwenye masikio.

Namna ya kuijaribu: nenda na laptopu yako. Kabla hujatoka nyumbani, andika kwenye faili maneno "nimelipa, nimelipwa, sijalipa, sijalipwa", kisha pale kaunta iache NVDA iyasome kwa kasi yako ya kila siku, kwa sauti ya Kiswahili ya eSpeak, programu ya kutamka maneno inayokuja ndani ya NVDA. Kama ile "w" haisikiki, rudisha. Hedseti ya besi nzito huimeza, na kwenye daftari la madeni herufi hiyo moja inageuza mdaiwa kuwa mdai. Muuzaji akikataa usichomeke, duka la jirani liko wazi.

Namba mbili ni zile zinazopitisha sauti kwenye mfupa, kama za kampuni ya Shokz. Zinakaa mbele ya sikio bila kuliziba, na kwa kutembea mjini na simu hazina mpinzani: unasikia maelekezo na bado unaisikia bodaboda inayokuja upande usiotakiwa. Lakini peleka Mwaloni saa za kushusha mzigo, hutasikia kitu. Na nyingi ni za Bluetooth.

Bluetooth ndiyo naiweka mkiani kwa kazi ya kompyuta. Kukiwa kimya, hedseti husinzia. NVDA ikianza kusema, silabi za mwanzo zinapotea, "hailipwi" unaisikia "lipwi". Matoleo ya karibuni ya NVDA yana mpangilio wa kuizuia isisinzie, na unasaidia. Ila ukifungua maiki yake kwenye Windows, mara nyingi sauti yote inashuka inakuwa kama ya simu ya zamani. Kati ya namba mbili na mkiani kuna earphone za waya wa jeki. Weka moja mfukoni kama akiba, basi.

Miksa, yaani kifaa cha kuchanganya na kupima sauti za maiki na vyombo, inunuliwe mwisho, na wengi hawaihitaji. Mimi niliinunua kwa sababu narekodi kwaya ya kanisani. Chagua ndogo ya analojia, yenye vitufe vya kuzungusha ambavyo kidole kinaona vimeelekea wapi. Alama ya mshale mara nyingi ni rangi tu, kwa hiyo dondoshea tone la gundi kali kwenye kila kimoja. Za kugusa kioo, hata ukipewa bure, kataa. Tafuta pia inayotumia umeme wa USB, mfano Behringer Xenyx 302USB: umeme ukikatika, betri ya laptopu inaibeba. Ukisikia muungurumo mzito usiokwisha, chomoa kwanza chaja ya laptopu kabla hujamlaumu muuzaji.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuiacha NVDA ipite kwenye miksa. Kwaya ilimaliza wimbo vizuri kabisa, nikaja kusikiliza nyumbani: katikati ya sauti ya pili, NVDA inataja saa na jina la dirisha. Walimu wa kwaya hawakucheka. Sasa miksa inapokea maiki tu. Sikio la kushoto nina hedseti ya USB yenye NVDA, la kulia nina earphone ya jeki kutoka kwenye miksa, na nikitaka kujua muda, naambiwa mimi peke yangu.