Viungo vya Kununua London na Paris Mwishoni mwa Karne ya 14: Kipi Kitangulie, Kipi Kiwe cha Mwisho

Anayetumwa kununua viungo vya jiko la bwana mkubwa, London au Paris, ana shida ambayo fedha peke yake haiiondoi. Bidhaa imetoka Malabar (pwani ya kusini-magharibi mwa India), Ceylon (Sri Lanka ya leo) au visiwa vya Maluku (katika Indonesia ya leo), ikapita Bahari ya Shamu, ikauzwa Alexandria, ikapakiwa kwenye merikebu za Venice, na kila mkono ulioigusa ulipata nafasi ya kuichezea. Kwa hiyo nimevipanga viungo hivi si kwa utamu wala umaarufu, bali kwa urahisi wa mnunuzi kuvikagua mwenyewe, kwa jicho, kwa vidole na kwa kisu, kabla hajalipa.

Tangawizi kavu inashika nafasi ya kwanza. Wafanyabiashara hutofautisha aina tatu: baladi, yaani ya kienyeji, kolombino iliyopewa jina la bandari ya Kollam huko Malabar, na ile iitwayo ya Makka. Kitabu cha maelekezo ya nyumbani kilichoandikwa Paris mnamo 1393 kinaeleza kwamba tangawizi ya Makka ina ganda jeusi zaidi kuliko kolombino, hukatika kwa ulaini zaidi, ndani ni nyeupe zaidi, na kwamba ndiyo bora na daima ndiyo ghali. Basi omba kipande kimoja kikatwe mbele yako, na muuzaji akisita, nenda duka la pili. Jambo la kuchunga ni uzito: kanuni za wauza pilipili wa mtaa wa Soper Lane, London, za mwaka 1316, zilikataza kuroweka tangawizi na kulowesha zafarani au karafuu ili mizani ipande, na hakuna anayetunga katazo la kosa lisilotendwa.

Pilipili manga ni ya pili. Punje nzima ni vigumu kuighushi, ilhali iliyosagwa haifai kununuliwa kwa bei yoyote. Kasoro yake ni kwamba bei huyumba kufuatana na mizigo inayofika Venice kutoka Misri na Sham, kwa hiyo asiye na haraka husubiri merikebu zirudi. Wanaodai kwamba ilinunuliwa ili kuficha uvundo wa nyama iliyooza hawakupiga hesabu, kwani mwenye uwezo wa kununua pilipili hakushindwa kununua nyama mbichi. Pilipili kali za kwetu zisitafutwe sokoni humo. Zilikuwa bado Amerika.

Mdalasini ni wa tatu, na hauhitaji maneno mengi: chagua magome membamba yaliyokunjana tabaka kwa tabaka, uyaache yale manene ya kasia, mti wa jamii ya mdalasini.

Punje za peponi, ambazo ladha yake ni kama pilipili manga iliyokutana na iliki, ni za nne. Hutoka Afrika Magharibi na huvuka Sahara kwa misafara hadi pwani ya kaskazini. Wafaransa wanazipenda sana. Jiko lisilofuata mtindo wao linaweza kuziacha.

Kungumanga na karafuu nimeziweka pamoja katika nafasi ya tano kwa sababu ya bei, si kwa udhaifu wake. Kungumanga ya visiwa vya Banda, huko Maluku, ipimwe kiganjani: iliyo nzito na inayokaza kisu ndiyo njema. Karafuu ya Ternate na Tidore, visiwa vingine vya Maluku, ibonyezwe kwa ukucha. Iliyo hai hutoa mafuta. (Msomaji wa Pemba asiudhike, mikarafuu ilifika Zanzibar karne ya 19.)

Zafarani ni ya mwisho, ingawa hulimwa Ulaya kwenyewe, Hispania na Italia, na haina safari ndefu ya kuiharibu. Hakuna kiungo kinachoghushiwa kwa urahisi kama hiki, wala chenye faida kubwa kwa mghushi. Mji wa Nuremberg, Ujerumani, uliweka wakaguzi wa zafarani, na mwaka 1444 mghushi Jobst Findeker alichomwa moto pamoja na zafarani yake iliyochanganywa, jambo linaloonyesha jinsi hata adhabu kali ilivyoshindwa kuwatisha wote. Ukilazimika kuinunua, nunua nyuzi kavu na kidogo, kamwe si unga, na usiridhike na zilizo juu ya gunia: kanuni zile zile za 1316 zilikataza kuweka bidhaa nzuri mwanzoni mwa furushi na mbovu ndani, kwa hiyo tia mkono hadi chini.